Kombi Iliyoshushwa: Tafuta Nafasi Kwanza, Shokapu Baadaye

Kombi ya Volkswagen iliyoshushwa ikiegeshwa inapendeza. Ikianza kutembea ndipo maneno yanapoanza: inaruka kwenye kila kiraka cha lami, inayumba ikipishana na lori, tairi za nyuma zinaisha upande wa ndani, na abiria wa mbele kashikilia dashibodi kwa mikono miwili. Mwenye gari huenda gereji akiwa na jibu lake tayari: "Fundi, nibadilishie shokapu." Zinabadilishwa, tena za bei mbaya, na gari linarudi barabarani likiruka vilevile.

Mara nyingi shokapu hazikuwa na kosa. Kombi iliyoshushwa huwa ngumu kwa sababu magurudumu yamekosa nafasi ya kupanda. Yakigonga shimo, mkono unaobeba gurudumu hupanda kidogo tu, kisha unapiga raba ya kikomo, na kuanzia hapo bodi nzima ndiyo inayofanya kazi ya springi. Hakuna shokapu duniani inayotibu hilo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na nafasi, halafu matairi na usukani, na shokapu utazikuta mwishoni.

Ninayoizungumzia ni Kombi ya kizazi cha pili, ile ya kioo cha mbele kisichogawanyika, iliyoanza kutengenezwa Agosti 1967. Brazil waliendelea kuiunda hadi mwisho wa 2013. Huku kwetu wengi waliizoea ikibeba watalii, paa limeinuliwa. Ile ya kizazi cha kwanza, yenye kioo cha vipande viwili, iliyotengenezwa kati ya 1950 na 1967, inafuata mengi ya haya isipokuwa ekseli ya nyuma; nikifika huko nitasema. Mtindo wenyewe wa kushusha ulishamiri California, kwenye lami laini. Ukiuleta kwenye barabara yenye matuta kila penye shule na kila penye soko, itabidi ukubali kuwa juu kidogo kuliko picha uliyoipenda.

Kilicho chini ya gari

Mbele, Kombi haina springi za mviringo. Ina mabomba mawili ya chuma yaliyolala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, moja juu ya jingine. Mafundi huyaita bimu. Ndani ya kila bomba kuna fungu la mabapa ya chuma yaliyobanwa katikati. Ncha zake mbili zimeshikwa na mikono inayoelekea nyuma hadi kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono unayasokota mabapa yale, nayo yanakataa. Nyuma kila upande una tosheni baa yake, nondo nene ya mviringo yenye meno kwenye ncha zote mbili, inayosokotwa na bapa refu lililofungwa kwenye mkono wa nyuma.

Anayeshusha mbele kwa kugeuza kile kibano cha katikati hafupishi springi wala hailegezi. Anachofanya ni kuiambia mikono ipumzike juu zaidi kuliko mwanzo, karibu na raba ya kikomo. Ukishusha sentimita sita kwa njia hiyo, umekula sentimita sita za safari ya gurudumu kwenda juu, na gari la kiwandani halikuwa na ziada ya kuchezea.

Ndiyo maana ushauri wa kutoa mabapa mawili matatu "ili iwe laini" ni ushauri mbaya kuliko yote utakaosikia gereji. Gari lenye safari fupi linahitaji springi ngumu zaidi kidogo, si laini zaidi, kwa kuwa pigo lilelile lazima limalizwe ndani ya nafasi ndogo. Ukiilainisha, unafika kwenye raba upesi zaidi, na kinachoonekana kama ugumu kinaongezeka. Acha mabapa yote ndani.

Pima kabla ya kununua chochote

Weka gari pahali tambarare, mafuta nusu tangi, mizigo unayoibeba kila siku ikiwa ndani, na mtu wa uzito wako kwenye kiti cha dereva. Kwa futi kamba, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwenye pembe zote nne, uandike. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia inakwambia kuna kitu kimekaa vibaya hata kabla hujalala chini.

Sasa ingia chini na utafute raba za kikomo. Pima uwazi uliobaki kati ya raba na chuma kinachoigonga. Mimi nikikuta pungufu ya sentimita nne, siendelei kuuliza kwa nini gari linaruka. Paka grisi nyembamba kwenye uso wa raba, kisha nenda ukaendeshe barabara yako ya kawaida kwa mwendo wako wa kawaida, si kwenda kutafuta mashimo. Ukirudi, angalia: kama grisi imehamia kwenye chuma, basi kila siku unapanda raba bila kujua. Mara nyingine huna haja hata ya grisi. Utakuta raba imepasuka na chuma kinang'aa pale kinapogonga, hakuna hata kutu.

Ukiwa huko chini, kagua chesisi pale bimu inapofungwa na pale jeki inapoingia. Kombi zilizokaa pwani huliwa hapo na chumvi. Kama bisibisi inazama kwenye chuma, funga mwongozo huu na umtafute fundi wa kuchomelea kwanza.

Kurudisha nafasi

Dawa ya bei nafuu ni kuinua gari sentimita mbili. Najua si jibu ulilokuja kulitafuta. Lakini sentimita mbili hazionekani na mtu aliyesimama mita tano, na kwenye raba ya kikomo ni tofauti kati ya kugonga kila siku na kugonga mara mojamoja.

Dawa bora kwa upande wa mbele ni stabu ekseli za kushushia. Hizi zimeundwa upya ili kile kipande kinachobeba gurudumu kikae juu zaidi, kwa kawaida kama sentimita sita. Gari linashuka, lakini mikono inabaki katika pembe ya kiwandani na safari yake yote ipo. Kama unataka kwenda chini zaidi ya hapo, ongeza kidogo kwa kugeuza bimu. Usianze na bimu ukamalizia na stabu. Nunua zinazolingana na breki zako, kwa sababu Kombi za modeli ya 1971 na kuendelea zina diski mbele na za kabla yake zina dramu. Baadhi ya stabu hizi husukuma gurudumu nje kidogo, kwa hiyo pima uwazi wa tairi na ukingo wa bodi usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kushoto na kulia. Papo hapo angalia mipira ya breki isivutike wala kusugua kitu.

Bimu iliyofupishwa ni habari nyingine. Watu huifupisha ili tairi ziingie ndani ya bodi na gari liweze kushuka mno. Gharama yake haitajwi mara nyingi: mabapa yakikatwa yawe mafupi yanakuwa magumu kusokota, na miguu ya mbele ikikaribiana gari linalala zaidi kwenye kona. Tairodi nazo lazima zifupishwe. Mimi ningeifupisha kwa gari la maonyesho, si kwa gari la kwenda nalo Mombasa na watoto. Na kama bimu yako ilikatwa na kuchomelewa na mtu usiyemjua, ioshe kwa mafuta ya taa, chukua tochi, uangalie ule mshono kote kuzunguka. Magurudumu yako yote mawili ya mbele yananing'inia pale.

Raba za kikomo zenyewe usizitoe. Zile za zamani zikiwa ndefu kupita nafasi uliyonayo, tafuta fupi za aina inayoanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa. Ukizitoa kabisa, chuma kitagonga chuma, na boljointi ndizo zitakazolipa.

Nyuma

Idadi ya meno ya ndani na ya nje ya tosheni baa ya nyuma hailingani, kwa makusudi. Ukisogeza ncha ya ndani jino moja upande huu na ya nje jino moja upande ule, unapata badiliko dogo sana la pembe. Ndiyo njia ya kupanga urefu kwa usahihi bila kukata kitu. Ni kazi ya subira: toa, sogeza, rudisha, teremsha gari, liendeshe kidogo likae, pima, rudia. Kabla ya kutoa chochote chora mstari kwa tindo kuonyesha pembe ya mwanzo.

Hapa kuna hatari ya kweli. Lile bapa la nyuma limekaa juu ya kizuizi chake likiwa bado limekazwa na tosheni baa. Ukilitoa kizuizini bila kulishikilia linaruka chini kwa nguvu ya kuvunja mguu. Weka jeki chini ya ncha yake, lifunge kwa mnyororo, na usimame pembeni. Fundi anayekwambia yeye hulitoa kwa mtaimbo tu, mwache alitoe la kwake.

Ukishusha nyuma sana, magurudumu yanalala, juu yakiingia ndani, na tairi zinalika upande wa ndani. Kwenye Kombi ya kizazi cha pili mkono wa nyuma unazunguka kwa mshazari, kwa hiyo gurudumu linabadilisha pia mwelekeo wake wa mbele na nyuma. Fundi wa alaimenti asipopima magurudumu ya nyuma, amefanya nusu ya kazi. Matundu ya bolti kwenye lile bapa ni marefu kwa makusudi ili mkono usogezwe. Angalia pia sivijointi: zikikaa kwenye pembe kali mpira wake hupasuka na grisi inatapakaa kwenye chesisi.

Kizazi cha kwanza hakina sivijointi za nje. Ekseli yake inayumba kutokea kwenye gia boksi, na kwenye kila gurudumu kuna kijisanduku cha gia kinachoinua gari. Kuishusha sana maana yake ni kuviondoa vijisanduku hivyo na kubadilisha uwiano wa gia nzima. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa Kombi, si ya Jumamosi.

Usiache pua ikawa chini kuliko mkia kupita kiasi. Kila unaposhusha mbele peke yake, mhimili ambao gurudumu hugeukia unalala kuelekea mbele, na kile kinachofanya usukani urudi wenyewe katikati kinapungua. Kiwandani pembe hiyo, ambayo mafundi wa alaimenti huiita kasta, ilikuwa karibu digrii 3. Gari lililoipoteza halirudi baada ya kona, na upepo wa pembeni unalisukuma kama karatasi. Kombi ni ndefu kwenda juu, fupi kati ya ekseli, milimita 2,400 tu, na injini iko nyuma ya magurudumu ya nyuma. Haina kasta ya kutupa.

Matairi

Kiwandani Kombi ya miaka ya sabini ilivaa tairi ya 185R14C. Herufi C ni ya gari la mizigo, na namba ya uzito kwenye tairi hizo kwa kawaida ni 102, yaani kilo 850 kwa tairi moja. Wanaoshusha hupenda tairi fupi za gari dogo, tuseme 195/65R15 yenye namba 91. Namba 91 ni kilo 615. Tairi mbili hivyo zinabeba kilo 1,230, na ekseli ya nyuma ya Kombi iliyojaa, yenye injini, gia boksi, tangi la mafuta na mizigo yote ya mkiani, inaweza kulifikia na kulipita hilo. Gari zima likijaa ni zaidi ya tani mbili. Ubavu laini wa tairi ya gari dogo ndio pia unaokupa ile hisia ya mkia kuchelewa kufuata pua.

Tafuta tairi fupi yenye namba 99 au zaidi. Zipo za C za inchi 15 na 16 zinazotumika kwenye vani za siku hizi. Kwa 185R14C ya kawaida upepo ni karibu PSI 30 mbele na 40 au zaidi kidogo nyuma. Kwa saizi nyingine fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito wako. Kijana wa kujaza upepo akikuwekea 35 kote, gari litayumba hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Rimu: hadi modeli ya 1970 bolti tano zimepangwa kwenye duara la milimita 205, kuanzia 1971 ni 112. Hiyo ya pili ndiyo inayowafanya watu wafunge rimu za Mercedes. Zinaingia, na nyingi zina nguvu ya kutosha, lakini angalia kichwa cha bolti kinakaa sawasawa kwenye kiti chake. Mviringo wa bolti ukitofautiana na wa rimu, bolti inashikwa na mstari mwembamba tu wa chuma na italegea. Na rimu inayosukuma tairi nje sana huupa usukani mateke kwenye kila shimo.

Usukani

Mtu mmoja akae ndani autikise usukani kushoto na kulia kidogokidogo, injini imezimwa na tairi zikiwa chini. Mwingine alale chini, ashike kila kiungo kwa vidole, kimoja baada ya kingine: ncha za tairodi, fimbo itokayo kwenye boksi ya usukani, na ule mkono wa katikati kwenye bimu unaogawa nguvu kwa tairodi mbili. Vidole husikia mchezo ambao macho hayauoni. Huo mkono wa katikati husahaulika kuliko vyote. Pini yake ikilika, gari linaelea barabarani na watu wanalaumu boksi. Kukaza skrubu ya boksi kupita kiasi ili kuficha mchezo kunaila katikati na kuufanya usukani ukwame kwenye kona.

Bimu ina nipo nne za grisi, na mkono wa katikati una yake. Sukuma grisi magurudumu yakiwa yananing'inia, bodi ikiwa juu ya stendi imara, mpaka utoke uchafu wa zamani. Kazi hii inachukua nusu saa na kuna Kombi ambazo hazihitaji zaidi ya hiyo. Mikono iliyokauka ndani ya bimu inakataa kuzunguka, na ukavu huo unahisiwa kama springi ngumu.

Ukishashusha, tairodi hazilali tena kama zilivyolala, na gurudumu likipanda linaweza kujigeuza lenyewe. Jaribio lake ni rahisi. Pima umbali kati ya tairi mbili za mbele, kwa mbele na kwa nyuma yake, katika urefu wa kawaida. Kisha pakia mifuko ya saruji kwenye viti vya mbele mpaka gari lishuke kama sentimita tatu, upime tena. Tofauti ikiwa ndogo, sahau. Ikiwa kubwa, kuna ncha za tairodi zinazoingizwa kutoka juu badala ya chini ili tairodi ilale vizuri, lakini tundu lake ni la koni na lazima lichongwe upya kwa chombo chake. Usikubali ncha ishikiliwe na washa.

Stabilaiza ya mbele wengi huitoa kwa kuwa inakaribia kugusa barabara. Irudishe, au funga nyingine nene inayopita juu zaidi. Ya nyuma usiikimbilie: kukaza nyuma kwa gari lenye injini nyuma kunaufanya mkia uwe mwepesi kuteleza kwenye mvua.

Sasa shokapu

Nunua fupi, na kabla ya kuzifunga zibane na kuzivuta kwa mkono. Ikibanwa kabisa iwe fupi kuliko nafasi iliyobaki gurudumu likiwa kwenye raba ya kikomo, ili raba ndiyo isimamishe mkono, si shokapu. Ukipata zinazorekebishwa, anza laini kabisa. Pita kwenye tuta unalolijua. Gari likicheza zaidi ya mara moja baada yake, kaza kidogo, kisha pita tena. Nyuma itataka kukazwa zaidi kuliko mbele. Zenye gesi ya nguvu nyingi huinua gari na kulifanya gumu kwenye viraka vidogo. Kwa Kombi isiyobeba mizigo mizito mimi huchagua za mafuta.

Mifuko ya hewa inakupa yote mawili, kulala chini ukiegesha na kuinuka ukiondoka, mradi uendeshe kwenye urefu wenye nafasi. Ni ghali, na pampu ikifa safarini utajua maana ya raba ya kikomo.

Kitu kimoja cha bei rahisi kinasahaulika: kiti. Dereva wa Kombi amekaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, hana mahali pa kujificha. Springi za kiti zilizolala na sponji iliyogeuka unga hubadilishwa na fundi viti kwa siku moja, na tofauti yake utaisikia kabla hujatoka getini.

Baada ya yote, peleka gari alaimenti likiwa limebeba uzito wako wa kawaida, rekebisha taa za mbele kwa kuwa pua imebadilika kimo, kisha endesha kilomita mia hivi na urudi na spana kukaza bolti za bimu, za mabapa ya nyuma na za magurudumu. Pima tena zile pembe nne. Mbele ikishuka milimita chache usishtuke. Ikishuka upande mmoja tu, rudi chini ya gari.